Brashi 7 kati ya 20: fundo linapong'oka, kosa liko wapi?

"Fundi, ile brashi imeanza kuzunguka. Nikishika mpini na kukamua maji, nywele zinageuka zenyewe kama kizibo cha chupa."

Ujumbe wa namna hii ukimfikia mtengenezaji wa brashi za kunyolea ndevu, anachokimbilia kwanza ni kulaumu gundi. Ananunua epoksi ya aina nyingine, toleo jipya linatoka, na baada ya miezi miwili ujumbe uleule unarudi kutoka kwa mtu mwingine. Kisa tunachokichambua hapa ni cha toleo moja la brashi 20. Tutalifuata kuanzia kwenye mashine ya kukerezea hadi bafuni kwa mnunuzi, kwa sababu katika nyingi ya brashi zilizorudi gundi haikuwa na hatia. Tundu la mpini, linamopachikwa fundo la nywele, ndilo lililokuwa na makosa.

Toleo lenyewe

Chukua karakana ya watu wawili. Mmoja anakereza mipini, mwingine anapachika nywele, anang'arisha na kuuza. Mafundo ya nywele hawafungi wenyewe. Wananunua yaliyokwisha kufungwa, yakiwa yamegandishwa chini kwenye kitako cha gundi ngumu. Mafundi wadogo wengi hufanya hivyo, na si aibu, maana kulifunga fundo la nywele za baja (mnyama wa jamii ya nyegere) hadi ncha zikae kama kuba, bila kuzikata kwa mkasi, ni ufundi unaotaka miaka yake.

Mipini 14 ilikuwa ya resini ya polyesta iliyomiminwa kwenye kalibu, na 6 ya mti wa mzeituni. Mafundo yalikuwa ya aina mbili: 12 ya baja yenye kipenyo cha milimita 24, na 8 ya nyuzi za sintetiki yenye milimita 26. Yale ya sintetiki yote yaliingia kwenye resini, pamoja na 6 ya baja. Mzeituni ulipata baja peke yake.

Ndani ya wiki 10 za kwanza yalirudi malalamiko 7. Mafundo 4 yalikuwa yameng'oka au yanazunguka, yote kwenye mipini ya resini: 3 ya sintetiki na 1 la baja. Brashi 2 za mzeituni zilipasuka mdomoni, yaani kwenye ukingo wa tundu zinamotokea nywele, na rangi yake ya juu ikageuka nyeupe. Moja ya sintetiki haikuwa na ubovu unaoonekana, ila mnunuzi alisema imelegea, inaanguka usoni kama kitambaa, na vipimo vyake si vilivyotangazwa.

Wako pia waliolalamikia harufu ya mnyama kwenye baja mpya. Hiyo hatukuihesabu. Nywele za mnyama zikilowa hunuka, na kuziosha mara mbili kwa sabuni ya vyombo, kisha kuziacha na povu zito la sabuni ya kunyolea usiku kucha, humaliza sehemu kubwa ya tatizo. Cha kumhangaisha fundi kiwe chanzo cha nywele, si harufu yake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, singa za farasi ambazo hazikuuliwa vijidudu ziliingia kwenye brashi za kunyolea, na watu wa Marekani na Uingereza, askari wakiwemo, wakaugua kimeta kutokana nazo. Kwa hiyo nywele hununuliwa kwa muuzaji anayeweza kueleza zilivyosafishwa, hata kama kuna jirani mwenye farasi anayezitoa bure.

Kusoma gundi iliyobaki

Fundo likirudi limeng'oka, usilikwangue wala kulisafisha. Uchafu huo ndio ushahidi. Swali la kwanza ni moja tu: gundi imebaki upande gani?

Ikibaki yote kwenye kitako cha fundo, na ukuta wa tundu ukawa mtupu, basi gundi ilikataa kushika mpini. Ikibaki kwenye ukuta na kitako kikatoka kitupu, ilikataa kushika fundo. Ikigawanyika, nusu huku nusu kule, na katikati imekatika kama biskuti au kunyambuka kama chingamu, gundi yenyewe ndiyo iliyoshindwa. Hapo tu ndipo kubadilisha gundi kunaleta maana.

Mafundo yote 3 ya sintetiki yalitoka yamevaa gundi yao kama soksi. Ukiishika soksi hiyo kwenye mwanga unaiona inang'aa. Epoksi hunakili sura ya kitu inachogusa, na huku ilikuwa imenakili ukuta laini kama kioo. Tochi ikimulikwa ndani ya tundu ilionyesha jambo lilelile, ukuta unameremeta, na chini kuna michirizi ya mviringo yenye rangi ya maziwa.

Huo ni mwako wa keekee butu. Tundu za milimita 27 zilichimbwa kwa keekee ya Forstner (ya kuchimba tundu pana lenye sakafu bapa) iliyokuwa imeshatumika sana kwenye mbao ngumu. Keekee butu haikati resini. Inaisugua, joto linapanda, na ukuta unaondoka umepigwa pasi. Keekee ya milimita 25, iliyotumika kwa mafundo ya baja, ilikuwa bado kali na ikaacha ukuta wenye mikwaruzo midogo. Ndiyo maana baja zilidumu na sintetiki zikang'oka, ingawa gundi ilikuwa ya boksi moja na mchanganyaji ni mmoja. Kuna sababu ya pili pia. Nyuzi za sintetiki zina ukakamavu wa springi, na mtu anapozungusha brashi usoni kutengeneza povu, zinapeleka nguvu yote kwenye kitako. Baja laini hujikunja na kumeza sehemu ya nguvu hiyo.

Fundo la nne, lile la baja, lilisema mengine. Gundi ilikuwa pande zote mbili, na ukucha ukiikandamiza uliacha alama. Epoksi iliyokomaa haikubali ukucha. Hapa tatizo ni mchanganyo. Fundi alikuwa akikamua mirija miwili ya epoksi, wa resini na wa hadina (kigumishi chake), kwa macho, kila brashi na tone lake, jumla kama gramu 2 kwa mara moja. Kwa kiasi hicho, ukizidisha gramu 0.1 ya upande mmoja uliotakiwa uwe gramu 1, umekosea kwa asilimia 10. Kosa lilelile la mkono kwenye mchanganyo wa gramu 10 ni asilimia 2, na gundi nyingi zitalivumilia. Dawa yake ni kupachika brashi kadhaa kwa mpigo mmoja na kupima kwa mizani inayosoma gramu 0.01. Ila soma vizuri maandishi ya boksi: "1 kwa 1" mara nyingi ni kwa ujazo, na resini na hadina hazina uzito sawa kwa ujazo huohuo. Ukipima kwa mizani tumia uwiano wa uzito uliochapishwa. Usipouona, pima kwa bomba la sindano.

Gundi yenyewe ilikuwa ya dakika 5. Si gundi mbaya kwa kila kazi, ila bafuni si mahali pake. Epoksi za haraka kwa kawaida hunywa maji zaidi na hulainika mapema kwenye maji ya moto kuliko zile za polepole. Tena dakika 5 hazitoshi kulinyoosha fundo, kulizungusha kuangalia kama limekaa katikati, na kufuta kilichofurika. Ya dakika 30 au zaidi inampa fundi nafasi ya kufanya yote hayo bila kutokwa jasho.

Hewa iliyofungiwa

Sasa ile brashi "iliyolegea". Tangazo lilisema kimo cha nywele, yaani urefu kutoka mdomo wa mpini hadi ncha ya kati, ni milimita 52. Mnunuzi alipima kwa kalipa (kifaa cha kupimia milimita) akapata 56. Wanunuzi wa brashi hizi ni watu wa kupima. Wengi wana brashi nyingi kabatini na wanajua milimita 4 zinabadilisha nini, kwamba nywele zilezile zikiwa ndefu zaidi juu ya mdomo zinakosa uti wa mgongo, na zikiwa fupi zinakwaruza. Kwa fundo la milimita 26, kimo cha 50 hadi 54 kinawaridhisha wengi. Ukadirio wa haraka ni mara mbili ya kipenyo, kisha unaongeza au kupunguza kulingana na nywele.

Hesabu ya fundi ilikuwa sahihi kwenye karatasi. Fundo lote lina urefu wa milimita 67, tundu lina kina cha 15, kinabaki 52. Kitako chenyewe ni kirefu milimita 12, kwa hiyo kilipaswa kuzama milimita 3 chini ya mdomo. Kilichotokea ni kwamba fundo lilipanda baada ya kuachwa mezani. Liliishia na kimo cha 56, na kitako kikachungulia milimita 1 juu ya mdomo. Ukizitenganisha nywele kwa vidole unaiona gundi.

Fundo lilipandishwa na hewa. Fundi alipaka gundi kuzunguka kitako, akakisukuma ndani. Nafasi kati ya kitako cha 26 na tundu la 27 ni nusu milimita tu kila upande, na gundi nzito ikiijaza inafanya kazi ya washa ya pampu ya baiskeli. Hewa iliyo chini haina pa kutokea. Ili kushuka milimita 4 za mwisho, kitako hicho kinapaswa kufukuza mililita 2 na ushei za hewa. Kisipoifukuza kinaibana, na mkono ukiondoka hewa inakirudisha juu taratibu, fundi akiwa ameshageukia brashi nyingine. Epoksi nayo inapoanza kushika inatoa joto, na hewa ikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 40 inataka kutanuka kwa karibu asilimia 7. Hata mafundo yaliyobaki mahali pake yanaweza kuwa yamekalia mto wa hewa, yameshikwa pembeni tu, tena kwa gundi yenye mapovu.

Tulikata mpini mmoja ulioharibika kwa msumeno, wima, katikati ya tundu, na inafaa kila fundi afanye hivyo angalau mara moja. Chini kabisa kulikuwa na utupu mkubwa kama punje ya haragwe, na kutoka hapo njia nyembamba ya mapovu ilipanda ubavuni hadi karibu na mdomo. Maji hupitia hapo. Yakishaingia chini ya kitako hayakauki haraka.

Kuzuia hili hakuhitaji kifaa cha ajabu. Kwa kijitupa cha mviringo chora mfereji mmoja ubavuni mwa kitako, kina cha milimita 1, kutoka chini hadi juu. Hewa itapita hapo hadi dakika ya mwisho, na gundi itaujaza mfereji ikishafuata. Kisha badilisha mahali pa kupaka. Gundi iwekwe chini ya tundu na utepe mwembamba kwenye ukuta kuanzia nusu ya kina kwenda chini, na kitako chenyewe kiguswe kidogo tu. Fundo likishuka, gundi inapanda kutoka chini ikiisukuma hewa mbele yake.

Kiasi nacho kina hesabu. Ile pete ya nafasi kuzunguka kitako, kwa vipimo hivi, ni kama mililita 0.5. Ongeza utando wa nusu milimita chini, 0.27. Jumla haifiki mililita 1, na fundi wa kisa hiki alikuwa akitia karibu 2. Ziada ilipanda juu ya kitako na kuingia kwenye nywele, ikipandishwa kama mafuta ya taa kwenye utambi. Nywele zilizoshikwa hivyo zinakuwa ngumu mzizini, na zinakatikia palepale ugumu unapoishia. Mnunuzi atakuandikia kwamba brashi inamwaga nywele, kumbe hazing'oki, zinavunjika. Ukitaka kujua, angalia nywele iliyoanguka: iliyong'oka ina urefu wote, iliyovunjika ni fupi na ina ncha iliyochanika. Nywele chache za kwanza kwanza katika brashi mpya ya baja au singa za nguruwe ni kawaida, na hukoma.

Mzeituni uliopasuka

Brashi 2 za mbao zina ugonjwa mwingine kabisa, na hapa gundi ilishika vizuri kupita kiasi.

Ufa ulianzia mdomoni ukashuka milimita 9, ukifuata nyuzi za mti. Mnunuzi mmoja alidhani ameiangusha. Hapana. Mzeituni ni mti mzito, unakauka polepole, na kipande kinaweza kuonekana kikavu nje huku moyo wake bado una maji. Mpini ulikerezwa, ukachimbwa, ukapachikwa kitako kisichonywea. Miezi ikapita mti ukaendelea kukauka na kusinyaa, lakini umezunguka kitu kigumu kisichosinyaa nao. Ukuta wa mdomo ulikuwa na unene wa milimita 3 tu. Ulichobaki nacho mti ni kuachia pale palipo pembamba.

Kipima unyevu kinasaidia, na kati ya asilimia 8 na 10 mtu anaweza kukereza akiwa na amani. Asiye nacho atumie mizani: pima kipande kila wiki, andika uzito juu yake kwa penseli, na usikiguse hadi uzito ukome kushuka. Njia nzuri zaidi kwa mbao ni kukereza mara mbili. Kwanza umbo nono na tundu dogo kuliko linalotakiwa, uache wiki kadhaa, kisha ndipo ukereze umbo la mwisho na kupanua tundu, maana likiwa limegeuka yai utalirudisha kuwa duara. Mdomo wa mbao usiwe mwembamba kuliko milimita 5, hata kama mchoro unapendeza zaidi ukiwa mwembamba.

Weupe juu ya rangi ulitokana na supa gluu iliyotumika kama vanishi. Inang'aa haraka, inavutia kwenye picha, ila ni ngumu na kavu. Mdomo wa mpini ulikuwa na kona kali, na kwenye kona kali utando wowote unakuwa mwembamba. Ulipasuka pale, maji yakaingia chini yake, ukainuka. Ndani ya tundu nako hakukupakwa chochote, wakati chini ya tundu ndiko ncha za nyuzi za mti zilikokatwa, zikinywa maji kama mirija. Kinachofaa ni kuviringisha kona ya mdomo kwa msasa hadi iwe na mviringo wenye nusu kipenyo cha milimita 1 hadi 1.5, kupaka epoksi nyembamba ndani ya tundu lote na kuivusha hadi juu ya mdomo, kuisugua ikikomaa, halafu vanishi ya kustahimili maji juu yake, tabaka 4 au 5 nyembamba. Mbao zilizonyweshwa resini kwenye ombwe kisha kuokwa kwenye joto la nyuzi 90 na ushei huepuka sehemu kubwa ya haya, ingawa wapenzi wa mbao wengine husema zinashikika kama plastiki. Wana haki yao.

Kuzitengeneza upya

Zile 3 za sintetiki na ile ya baja zilitengenezeka zote, maana mafundo yalikuwa mazima. Kazi ilikwenda hivi.

Gundi ya zamani ilikwanguliwa kwenye kitako kwa kisu na tupa, kisha msasa namba 80 hadi kitako kikapoteza mng'ao wote. Nywele zilifungwa kwa utepe wa karatasi ili vumbi lisiingie. Ndani ya tundu ukapita msasa uleule, umezungushwa kwenye kijiti cha mviringo, na baadaye mifereji 2 ya pete yenye kina cha nusu milimita ikakatwa ukutani kwa kikataji kidogo cha drili ya mkono, mmoja robo ya kina kutoka chini na mwingine katikati. Pete hizo ndizo bima. Hata gundi ikiachia ukuta siku moja, imejifungia humo kama ulimi wa kitasa, na haiwezi kutoka bila kuvunjika. Vumbi likatolewa kwa brashi kavu, halafu kitambaa chenye spiriti kidogo kikapita, mpini ukaachwa hadi ukauke. Asetoni haikutumika. Inalainisha resini nyingi, na kwenye akriliki inaweza kuacha nyufa nyembamba kama za kioo zinazoonekana siku ya pili.

Kabla ya gundi, fundo liliingizwa kavu na kimo kikapimwa. Hii ndiyo hatua ambayo watu wenye haraka huiruka. Mafundo ya ukubwa mmoja hayalingani. Ndani ya mfuko mmoja wa "milimita 26" kipenyo na urefu hucheza, na tofauti ya milimita 1 au 2 ya urefu inatosha kukuharibia tangazo. Ni bora tundu lichimbwe milimita 2 zaidi ya hesabu, kisha vipande vya duara vya plastiki vya unene tofauti viwekwe chini hadi kimo kisome kinachotakiwa. Kuinua ni rahisi, kushusha kunataka mashine tena. Vipande hivyo vitobolewe katikati ili visifungie hewa.

Gundi ya dakika 30, mzito wa asali. Fundo liliposhuka lilizungushwa robo duara kwenda na kurudi ili gundi isambae, mpini ukawekwa kwenye mashine polepole na kuzungushwa kwa mkono: ncha za nywele zikiyumba, fundo limeinama. Dakika 10 baadaye kimo kilipimwa tena, na fundo moja lilikuwa limepanda milimita 1 likashushwa. Baada ya hapo brashi zilisimama wima saa 48 mahali penye joto la kawaida. Karatasi ya boksi ilisema 24, lakini chumba kikishuka chini ya nyuzi 15 muda huo haumaanishi kitu.

Ile yenye kimo cha 56 ilikuwa na kazi zaidi, maana fundo lake halikutaka kutoka. Kulichemsha kungeharibu resini. Nywele zilikatwa, na kitako kikachimbwa nje kwa keekee kali ya milimita 25, polepole, kikipumzishwa kila milimita 2 kipoe, na utando uliobaki ukutani ukatolewa kwa msasa. Fundo lilipotea, mpini ukapona. Mipini 2 ya mzeituni haikutengenezwa. Ufa unaweza kujazwa ukafichika, lakini mti uliokwisha kuanza kupasuka bado unasinyaa, na mnunuzi angekuja kuuona tena. Walipewa mipini mipya.

Zile 13 ambazo hazikulalamikiwa

Hapa ndipo mafundi wengi hunyamaza, na kwa maoni yetu hukosea. Mipini 9 ya resini iliyobaki ilipachikwa siku zilezile na mikono ileile. Minne kati yake ni ya sintetiki, na tundu zake zilichimbwa kwa keekee ileile butu. Kungoja zing'oke moja moja ni kulipa nauli ileile ya kurudisha, ila kila moja inarudi na mtu aliyeudhika.

Barua fupi iliyotumwa kwa wanunuzi ilieleza jaribio la kufanya nyumbani: brashi ikiwa kavu, shika nywele mzizini kabisa kwa vidole vitatu, zungusha taratibu kulia na kushoto, kisha vuta kidogo. Kama kuna mchezo wowote, au sauti ya kukwaruza, irudishe. Wenye sintetiki 4 waliombwa wazirudishe hata kama hazichezi. Wenye baja waliachiwa uamuzi wa jaribio. Wenye mzeituni 4 waliambiwa wasilowanishe mpini, waloweke ncha tu kwenye maji ya uvuguvugu, na watazame mdomo kwa mwanga kila mwezi. Kuhusu kuning'iniza brashi au kuisimamisha, ubishi huo hauna mwisho na hauna uzito. Ikikamuliwa na kukungutwa vizuri itakauka namna yoyote, mradi haifungiwi kwenye kabati lisilo na hewa.

Kabla ya toleo lililofuata, kipande cha resini kilichobaki kilichimbwa matundu 4: moja la keekee butu bila kusuguliwa, moja lililosuguliwa kwa msasa, moja lenye msasa na pete, na moja la keekee mpya bila kitu. Kila tundu likapata kijiti cha mviringo kilichokwaruzwa na gundi ya mchanganyo mmoja, saa 48 za kukomaa, kisha siku nzima kwenye maji ya moto yaliyobadilishwa yakipoa. Spana ilipowekwa kwenye kijiti cha kwanza, kilizunguka kwa mkono mmoja. Cha pete kilikatika chenyewe, na shina lake likabaki ndani.

Sasa kila mpini una namba iliyochongwa chini kwa sindano, na daftari lina mstari kwa kila namba: kipenyo cha kitako kilichopimwa sehemu tatu, urefu wa fundo, kina cha tundu, kimo kikiwa kikavu, kimo baada ya saa 48, uzito wa resini na hadina, na keekee iliyotumika imeshachimba matundu mangapi tangu inolewe. Ikifika 15 inarudi kwenye jiwe, iwe inaonekana kali au la.